Shangazi Bisibisi na kompyuta iliyokuwa ikizima mlimani

Saa tatu asubuhi, saluni imeshajaa. Mmoja yuko chini ya drai, mwingine anaoshwa nywele, na wanaosubiri wala hawalalamiki, maana habari za mtaa zinagawiwa hapa kabla hazijafika kwingine. Kwenye kona, kati ya kabati la taulo na kioo kikubwa, mwanamke aliyevaa aproni ya msusi ameinamia kompyuta iliyovuliwa ubavu. Taa ndogo kaibana kichwani kwa kibanio cha nywele.

"Dada, zima drai kidogo," anasema bila kuinua uso. "Namsikiliza mgonjwa."

Dada yake, mwenye saluni, anazima. Wateja nao wananyamaza, kitu ambacho hakitokei hapa mara nyingi. Feni ya kompyuta inazunguka, inakwaruza, inazunguka tena. Mwanamke anachukua kibano cha nyusi, anakiingiza taratibu, anatoka na unywele mrefu mweusi.

"Mwenye mashine kaniambia anaishi peke yake," anasema, akiuinua unywele kwenye mwanga. "Haya, nani anamfahamu?"

Saluni nzima inacheka, na drai inawashwa tena.

Mtaani anaitwa Shangazi Bisibisi, na ukimuulizia kwa jina lake halisi utazungushwa hadi jua lizame. Kazi yake ni kutengeneza kompyuta za michezo, zile ambazo watu hununua kipande kipande na kuziunga wenyewe nyumbani: feni hapa, kadi ya picha pale, kasha la kioo lenye taa za rangi kama duka la pipi. Zikikubali, mwenye nayo hutamba. Zikianza kujizima katikati ya mchezo, huletwa hapa zikiwa zimefungwa kwenye blanketi.

Hakuanzia kwenye kompyuta. Alikuja saluni kumsaidia dada yake kuosha taulo, akakuta drai zinakufa kila mara. "Nikafungua moja kwa hasira tu," anasimulia. "Ndani nikakuta nywele za watu wote niliowahi kuwasema vibaya. Nikasafisha, ikapona. Baadaye mpwa wangu akaleta kompyuta yake inachemka. Nikaitazama nikasema, hii si drai tu iliyosoma?"

Kilichobaki alijifunza kwa kuuliza, kwa kutazama video huku akikunja taulo, na kwa kuunguza vitu vyake mwenyewe kabla ya kugusa vya watu. Mwezi mzuri analipa sehemu yake ya pango na karo ya mwanawe. Mwezi mbaya, dada yake hutangaza mbele za wateja kwamba ile kona ingeingia kiti cha kusukia.

"Na angekiweka," anasema Shangazi.

"Ningekiweka," anaitika dada yake kutoka kwenye sinki. "Ila nani angenichekesha?"

Ukimuuliza anavyoutafuta ugonjwa, hatumii maneno ya vitabuni. "Ni kama kutafuta nani kaanzisha umbea. Huwaulizi wote kwa mpigo, watageuziana. Unamtoa mmoja chumbani, unasikiliza kama maneno yanaendelea. Yakiendelea, unamrudisha kwa heshima, unamtoa mwingine."

Ana kanuni moja inayowashangaza wateja wapya: mashine ikimshinda kwenye kona yake, huomba kwenda kuiona nyumbani kwake. "Nataka nione inalala wapi, na inalala na nani," anasema. Dada yake anadai hiyo si kanuni, ni kisingizio cha kunywa chai za watu. Lakini ni kanuni hiyo iliyomfikisha sebuleni kwa Mzee Breki.

Mzee Breki aliendesha malori ya masafa marefu maisha yake yote, na jina alilipata kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akifunga breki kwa ghafla. Mgongo ulipomgomea, daktari akamwambia barabara basi. Akawa mtu wa kukaa mlangoni akihesabu makosa ya madereva wanaopita.

Binti yake wa pekee ni muuguzi, anafanya kazi nchi ya mbali. Ndiye aliyemwambia kuna mchezo wa kompyuta wa kuendesha malori, wenye mizani, mabonde, mvua na askari, na kwamba watu wawili waliopo pande mbili za dunia wanaweza kusafiri pamoja, mmoja mbele, mmoja nyuma. Akaanza kumtumia vifaa. Mzee akaviunga mwenyewe mezani, simu imeegemezwa kwenye birika, binti akimwelekeza kwa video.

"Nimeshusha injini ya lori porini nikaipandisha na jua halijazama," anasema Mzee Breki. "Kompyuta haina hata kreni."

Tangu hapo kila Jumamosi mchana, siku ambayo binti haingii kazini, baba na mwana walikuwa barabarani. Walizungumza safari nzima. Mkewe, ambaye kwenye simu za kawaida alizoea kusikia "hujambo, sijambo, haya," sasa akiwa jikoni alikuwa akisikia mambo ambayo binti hakuwahi kuyasema: wagonjwa waliomliza, mwanamume aliyemkataa, upweke wa chumba chake. "Akishika usukani ulimi unafunguka," anasema mama huyo. "Kama baba yake tu. Mimi mwenyewe alinitongozea ndani ya lori."

Kisha kompyuta ikaanza kuzima. Si tangu mwanzo wa safari, hapana. Walikuwa wakitoka vizuri, wakipita tambarare, na wakifika kwenye mlima mrefu skrini inakuwa nyeusi, feni zinanyamaza, na binti anabaki peke yake kwenye kona za mlima akiita, "Baba? Baba uko wapi?"

Mzee Breki akatafuta dawa ya kidereva. Akaanza kupanda na gia ndogo. Akapunguza mzigo. Akawa anaegesha lori chini ya mlima, anazima injini ya kwenye mchezo, anakunywa maji, anaacha mashine ipumue. "Lori likichemsha ndivyo unavyofanya," anasema, bila aibu hata kidogo.

Mafundi walipita. Wa kwanza alifuta kila kitu akaanza upya. Wa pili akabadilisha ram, yaani kumbukumbu ya mashine. Wa tatu akamshauri mzee acheze karata. Na Jumamosi baada ya Jumamosi, sauti ya binti ikawa fupi. Siku moja akasema, "Baba, tuache kidogo. Unahangaika. Tutakuwa tunapigiana tu."

Mzee alijua maana ya kupigiana tu. Hujambo, sijambo, haya. Kesho yake akaifunga kompyuta kwenye blanketi, akaenda saluni, akakaa kwenye foleni katikati ya wanawake wenye rola kichwani. Ilipofika zamu yake akasema, "Binti yangu, hii ikizima mara moja tena, nami nimezimika."

Shangazi Bisibisi aliiwasha mbele yake, akafungua programu inayoonyesha joto la prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine, kisha akaanzisha mchezo. Namba zikapanda kama nauli siku ya mvua. Kabla hata ya mlima, giza.

"Mzee wangu, kumbe uliona vizuri," akamwambia. "Inachemsha kweli."

Akataka kuifungua ile feni kubwa inayokaa juu ya prosesa, yenye bonge la bati chini yake la kunyonya joto. Mzee akaweka kiganja juu yake.

"Hapo hapana."

"Kwa nini, baba?"

"Hapo nilifunga na mwanangu. Alikuwa anahesabu nami mizunguko ya skrubu, huku na huku, ili isikae upande. Nilimaliza akanipigia makofi kwenye simu. Tafuta kwingine kote, hapo pamefungwa sawasawa."

Fundi mwingine angebishana. Shangazi akasafisha feni nyingine zote, akazipanga upya zivute hewa mbele na kuitoa nyuma, kisha akaomba kwenda kuona mashine inalala wapi.

Ilikuwa inalala mezani sebuleni, na juu yake, kwa upendo mkubwa, mama mwenye nyumba aliifunika kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua pembeni. Kilikuwa kimeziba matundu yote ya kutolea joto. Shangazi alikiondoa kwa mikono miwili, kama anapokea mtoto, na akaeleza kwa maneno laini kabisa. Haikusaidia. Mama alikikunja, akaenda nacho chumbani, na chai ya siku hiyo ililetwa bila sukari.

Jumamosi ikafika. Mzee akamwomba binti wajaribu tena, wakaondoka. Tambarare wakapita, mlima wakauanza, wakafika katikati, mbali kuliko walivyowahi kufika. Halafu giza. Safari hii binti hakuita. Alituma ujumbe: "Usijali baba. Pumzika."

Shangazi aliporudi kesho yake alimkuta mzee amekaa mbele ya skrini nyeusi, mikono kwenye usukani wa plastiki. Naye, ambaye kwa kawaida huingia nyumba ya mtu akiwa tayari anacheka, aliingia bila hata mzaha. Akakaa kwenye kochi.

Kochi likalia. Ule mlio wa nailoni ukikaliwa.

Akasogea, likalia tena. Akatazama chini: kochi zima bado lilikuwa ndani ya nailoni lililokuja nayo kutoka dukani. Akatazama pembeni. Rimoti ya televisheni ilikuwa ndani ya nailoni. Saa ya ukutani ilikuwa na utando wake wa kiwandani juu ya kioo, umeanza kukunjamana. Hata usukani alioushika mzee ulikuwa na nailoni katikati.

"Mama," akamwita mwenye nyumba, polepole. "Kochi hili lina muda gani?"

"Jipya hilo," mama akajibu kutoka jikoni. "Tulinunua binti akiwa sekondari."

Shangazi akageuka. "Mzee wangu. Ile feni kubwa ilipokuja, chini yake, pale bati linapokalia prosesa, palikuwa na nailoni?"

"Palikuwa nayo. Safi kabisa, ina maandishi mekundu ya lugha sijui ya wapi."

"Ukaibandua?"

Mzee Breki alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama huwa anatupa mkate. "Niibandue? Kitu kipya? Nikaipaka ile grisi yake ya kupitisha joto juu ya nailoni, vizuri, nikafunga. Binti alikuwa ananihimiza mambo ya skrubu."

Kwa siku zote hizo bati lilikuwa halijawahi kugusana na prosesa. Joto lilikuwa linapanda, linakuta nailoni, linarudi lilikotoka.

Hapo ndipo Shangazi alipofanya kitu ambacho mzee anakisimulia mpaka leo. Hakufungua. Alitoa bisibisi mfukoni, akaigeuza, akampa mzee upande wa mpini. "Ulifunga na mwanao. Fungua wewe. Mimi nitashika taa."

Mzee akaipokea. Alizungusha huku kidogo na huku kidogo, ile ile namna aliyofundishwa, akainua bonge la bati, akaligeuza. Nailoni ilikuwepo, imekuwa ya kahawia na imejikunja kama utando wa maziwa, maandishi mekundu bado yanasomeka kwa anayejua kuyasoma.

Aliyesema kwanza ni mama, amesimama mlangoni na kijiko mkononi. "Na ni kitambaa changu kilichotukanwa."

Walicheka mpaka mzee akashika mgongo. Wakabandua, wakafuta, wakapaka grisi mpya, wakafunga pamoja. Namba za joto zikapanda kidogo, zikatulia. Chai ikaja na sukari, tena nyingi.

Jumamosi iliyofuata Shangazi alifunga kona yake mapema akaenda kukaa kwenye lile kochi. Binti alikubali kujaribu mara ya mwisho, shingo upande. Walipoanza mlima, mzee kwa mazoea akashusha gia.

"Baba, mbona unatambaa?" sauti ya binti ikauliza.

"Nakusubiri wewe," mzee akasema, na akakanyaga mafuta.

Walipita kona ya kwanza, ya pili, mahali pa giza, na kilele. Upande wa pili kulikuwa na bonde ambalo hawakuwahi kuliona, lina ziwa. Waliegesha malori yote mawili ukingoni, wakazima injini, na binti akaanza kuongea. Shangazi Bisibisi, mpenda habari, mwanamke anayeweza kutaja posa zote za mtaa kwa mpangilio, aliinuka akamfuata mama jikoni na kuufunga mlango nyuma yake.

"Hayo hayakuwa yangu," anasema kwa ufupi, na hata dada yake hajafanikiwa kumtoa neno zaidi ya hapo.

Kitambaa cha kufuma kimepata makazi mapya juu ya rimoti, ambayo haina joto. Kochi limebaki na nailoni yake. Na baba na binti wamemwambia Shangazi kwamba kwenye msafara wameacha nafasi ya lori la tatu.

Tatizo ni kwamba fundi huyu hajawahi kuwa na kompyuta ya michezo ya kwake. Ndiyo kwanza anaikusanya. Kasha amepata kwa mteja aliyehama, feni amezifufua mwenyewe, pawa saplai ya kuipa umeme amezawadiwa na mpwa wake. Bado kadi ya picha, na hiyo, anasema, itakuja ikitaka. Leseni ya barabara hana na hana mpango nayo. "Nataka tu nikae nyuma yao. Mzee amesema nisimkaribie sana kwenye miteremko."

Kasha hilo liko chini ya meza yake, saluni, ubavu wake wa kioo ukiwa bado na nailoni ya kiwandani, haina hata mkunjo. Dada yake amelinyooshea kitana mbele ya wateja wote.

"Na wewe je? Hiyo mbona hujabandua?"

Shangazi Bisibisi anaisawazisha pembe moja iliyoanza kuinuka, taratibu, kwa ncha ya kidole.

"Hapo haizuii joto, dada," anasema. "Nitaibandua siku nitakayoondoka na msafara wao."