Niliona Kiboko Baharini, Nikasema ni Mwenzangu

Kosa ni langu. Naanza hapo ili mtu asije akanihurumia katikati ya hadithi halafu ajute. Mimi ndiye niliyeogopa, mimi ndiye niliyedanganya, na kijana wa watu ndiye anayechekwa mpaka leo.

Jina sitaji. Najua nyinyi wa Kihoto mkifika aya ya tatu mtanijua. Nawaomba mjifanye hamnijui.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nakaa hapo Kihoto, Naivasha, mahali ambapo ziwa likijaa haliulizi mwenye nyumba. Kupiga makasia nilijifunza wakati maji yalipotuingilia hadi jikoni. Niliazima boti ya mjomba nikawa navusha majirani kutoka mlangoni hadi barabarani. Nimebeba magodoro, nimebeba mbuzi, na nimebeba nyanya mmoja aliyekataa kuinuka kwenye kochi lake, ikabidi tumpakie pamoja na kochi.

Siku ya kochi ndiyo Kocha aliniona. Huyu Kocha ni mama mrefu, alistaafu jeshini, na alikuwa anatafuta watu wa timu ya taifa ya mbio za boti za ufukweni. Alisimama barabarani akanitazama mpaka nikafika.

"Nani alikufunza?" akaniuliza.

"Mafuriko," nikamjibu.

Akacheka, akachukua namba yangu ya simu. Jamani, laiti ningempa namba isiyo yangu!

Mchezo wenyewe ni hivi. Boti mbili zinashindana. Kila boti ina watu wawili, mwanamume na mwanamke. Mmoja anakimbia kutoka mchangani, anaruka ndani, mnapiga makasia kwenda hadi boya la mwisho, mnageuka, mnarudi ufukweni, kisha mmoja anaruka tena na kukimbia hadi mwisho. Na jambo moja la ajabu: mkiwa kwenye boti mnaketi mkiangalia nyuma. Unaenda mbele lakini unaona ulikotoka tu.

Mwenzangu aliitwa Baraka, kijana wa Lanet, miaka ishirini na miwili, mpole, wa kusema pole hata ukimkanyaga wewe. Alikaa nyuma ya mgongo wangu, sote tukitazama upande mmoja. Tulifanya mazoezi Naivasha miezi sita na hatukugombana hata mara moja. Kijana alikuwa na nguvu, alikuwa na pumzi, na alikuwa na hamu ya medali kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona.

Basi tukaenda ng'ambo. Mataifa mengi, bendera nyingi, mchanga mweupe, na bahari! Mimi bahari nilikuwa naiona kwa mara ya kwanza. Nilionja maji nikatema. Baraka akaniambia, "Sista, hii si ya kunywa." Tukacheka sana.

Mbio zetu za kwanza tulipangwa na Watunisia. Watu wa bahari hao, tangu wazaliwe. Lakini siku hiyo mafuriko ya Kihoto yalijibu! Tulifika boya la mwisho kabla yao, tukageuka kabla yao, tukaanza kurudi tukiwa mbele kwa urefu wa boti nzima. Nilimsikia Baraka nyuma yangu akihema na kusema, "Tumeshinda, vuta tu, tumeshinda."

Hapo ndipo nilipokiona.

Nyuma yetu, karibu na lile boya, kitu cheusi cha mviringo kiliibuka. Kikapuliza maji juu, pfuuu! Kikazama.

Sasa nisikilizeni kabla hamjacheka. Kihoto, kila mtoto anajua la kufanya. Kiboko akiibuka karibu nawe halafu azame, hujui ataibukia wapi tena, na akiibukia chini ya boti yako umekwisha. Kwa hivyo unaacha makasia, unagonga ubavu wa boti kwa nguvu ili ajue ulipo, na unamsemesha kwa heshima. Hatufikirii. Mikono inafanya yenyewe.

Mikono yangu ikafanya yenyewe.

Niliachilia makasia, nikaanza kugonga boti kama mtu anayedai kufunguliwa mlango. "Tumekuona, mzee! Tumekuona! Pita na njia yako!"

"Vuta!" Baraka akapiga kelele. "Vuta wewe! Vuta!"

"Kiboko!" nikamwambia.

"Wapi kiboko? Hii ni bahari! Vutaaa!"

Mtu ataniuliza, kwani baharini kuna viboko? Sasa mimi ningejuaje? Nilikuwa na siku tatu tangu niione hiyo bahari!

Boti ikazunguka yenyewe kwa sababu Baraka alikuwa anavuta peke yake. Watunisia wakatupita, na mmoja wao akatupungia mkono. Kule ufukweni watazamaji walidhani ni ngoma yetu ya kitamaduni, wakaanza kupiga makofi wakifuata mdundo wangu. Woiye! Na mimi nagonga tu. Mtangazaji akasema kwa kipaza sauti kwamba Wakenya wanasherehekea mapema.

Kile kitu kikaibuka tena. Kilikuwa kimevaa miwani. Kilikuwa ni mzamiaji wa waandalizi, mwenye suti nyeusi na mrija wa kupumulia, aliyekuja kukaza kamba ya boya. Alitutazama, akatuinulia kidole gumba, akarudi chini.

Tulifika ufukweni Watunisia wakiwa wameshajifuta maji.

Kocha alikuja anatembea polepole, na mtu wa jeshi akitembea polepole ujue kuna jambo. Akauliza swali moja tu. "Ni nani alisimamisha boti?"

Hapo ndipo kosa langu lilipo. Kuogopa si kosa. Kugonga boti si kosa. Kosa ni kwamba nilifungua mdomo nikasema, "Ni Baraka, Kocha. Alisema ameona kiboko, akapagawa. Mimi nilikuwa nagonga ili nimrudishe akili."

Lilitoka laini kabisa. Hata mimi nilishangaa.

Baraka alifungua mdomo ajitetee. Hakuna sauti iliyotoka! Ile "vuta" yote ilikuwa imemmaliza koo. Alitoa hewa tu, kama tairi ya baiskeli. Basi akaanza kueleza kwa mikono. Akaninyooshea kidole. Akatikisa kichwa. Kisha, maskini, ili aonyeshe kwamba mimi ndiye niliyesema kiboko, akaweka mikono miwili pamoja, akaifungua wazi kama lile domo kubwa, na kuifunga, kuifungua na kuifunga, macho yamemtoka.

Kocha akamtazama kwa huzuni. "Bado anamwona," akasema. "Mpelekeni kwa daktari."

Na mimi nikamshika Baraka bega, eti namliwaza! Alinitazama macho yale, mpaka leo nayaona nikipiga mswaki.

Kesho yake tulikuwa na nafasi moja zaidi kwa walioshindwa. Nikapangwa na mchezaji wa akiba. Tulipigwa vibaya hata sitaki kueleza. Baraka alikaa kwenye kiti cha plastiki, ameviringishwa taulo, anakunywa maji ya moto yenye asali, amekatazwa kukaribia maji.

Sauti yake ilimrudia tukiwa uwanja wa ndege. Alinisogelea, akanong'ona, kwa sababu ilikuwa imerudi nusu tu.

"Sista, mimi sitasema. Nakupatia siku mbili useme mwenyewe."

Siku mbili. Jamani, mtoto wa watu alinipa heshima kama hiyo!

Siku ya pili niliamka mapema, nikaenda Lanet kwao. Nilitaka nianze kwa wazazi, kisha nipige simu kwa Kocha. Mamake akanifungulia mlango, na kabla sijasema neno akanikumbatia.

"Kocha alinipigia simu, wewe ndiye ulimtuliza mtoto wangu," akasema. "Mungu akubariki. Kama si wewe, angeruka majini."

Akaniwekea chai na chapati. Baraka alikuwa shambani. Nikasema kimoyomoyo, sasa. Nikasema, nikimaliza hii chapati. Nikala chapati nne. Nilipokuwa naaga, yule mama akaniletea kuku hai, jike, amefungwa miguu vizuri, akanipa kwa mikono miwili. Shukrani.

Nilipokea! Nilibeba kuku wa uongo kutoka Lanet mpaka Naivasha, na njia nzima ananitazama kwa jicho moja.

Kuku yule alitaga kila asubuhi. Sijawahi kuona kuku mwenye bidii hivyo. Kila yai lilikuwa linaniuliza, umesema? Nilikula mayai hayo, sitaficha. Lakini niliyala kwa uchungu.

Siku mbili zikawa wiki mbili, zikawa miezi miwili. Video ya mbio zile ikasambaa kwenye simu za watu. Habari ikawa ni ile niliyosema: kijana wa Lanet aliona kiboko baharini. Pale steji ya Lanet wanaboda, wale wa pikipiki, wakambatiza. "Niaje Kiboko! Kiboko, leo kuna maji?" Akienda kanisani watoto wanagonga benchi. Majina ya kambi mpya yakatoka, lake halikuwepo. Kocha aliandika kwamba hana utulivu wa majini. Baraka! Aliyevuta boti peke yake mpaka akapoteza sauti!

Langu lilikuwepo. La kwanza kabisa.

Kilichonimaliza ni Kocha mwenyewe. Siku ya kwanza ya kambi alituketisha ufukweni mwa ziwa, wanamichezo wapya kama ishirini, akaniita mbele. "Huyu dada atawafundisha namna ya kumtuliza mwenzako akipatwa na hofu."

Nikasimama. Nikasema, "La kwanza, unagonga boti." Wakaandika! Waliandika kwenye daftari! Nikaona kalamu zile zote zinasubiri la pili.

"Msiandike," nikasema. "Ni mimi. Mimi ndiye niliona kiboko. Baraka hakuona kitu, Baraka alikuwa anavuta. Nilimsingizia."

Kisha mmoja akacheka, wakacheka wote, na mimi nikalia mbele yao kamasi zikinitoka. Kocha hakucheka.

"Ondoka hapo mbele," akaniambia. Ni hayo tu. Heri angenitukana.

Baraka alirudishwa kambini wiki hiyo hiyo. Akapewa mwenza mwingine, msichana wa Bahati mwenye mikono ya kazi. Mimi sikufukuzwa. Niliwekwa kazi ya kushika boti. Kwa sababu mbio zikianza, lazima mtu asimame majini ashikilie boti itulie mpaka mkimbiaji aruke ndani. Huyo ndiye mimi sasa. Nasimama maji yakinifika kiunoni, nashika boti iliyokuwa yangu, na Baraka anakuja mbio, anaruka ndani, anaketi akinitazama uso kwa uso mpaka wanapotelea mbali. Si nilisema wanaketi wakiangalia nyuma? Hana namna ya kutonitazama.

Kuku nilimrudisha. Nilimwambia mamake Baraka ukweli pale mlangoni, akampokea kuku wake na hakunikaribisha ndani. Sikumlaumu.

Nilimwomba Baraka msamaha tukiwa tunakausha boti. Aliendelea kufuta kwa kitambaa.

"Kocha ashajua," akasema. "Nimeshukuru. Lakini Kocha haishi Lanet. Enda uambie Lanet."

Nikaenda. Nikasimama pale steji mchana kweupe, wanaboda kama kumi na wawili, nikawaambia wote. Nikaeleza boya, mzamiaji, mrija, kila kitu. Hata nikagonga tangi la pikipiki nikawaonyesha nilivyogonga. Wakanisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, yule mkubwa wao akatikisa kichwa.

"Madam, tunakujua, wewe ndio ulimsaidia. Sasa umetumwa na Kiboko umsafishie jina?"

"Sikutumwa! Ni mimi!"

"Wacha kumtetea," akasema, akinipigapiga bega. "Lakini una roho safi sana."

Na hapo hapo Baraka akapita kwa miguu, begi mgongoni, anatoka mazoezini. Wakamwita jina hilo kwa pamoja, kwa furaha kabisa, bila ubaya wowote. Akawainulia mkono. Mimi alinipita.

Ndiyo maana naandika hapa. Wewe unayesoma, ukiwa umefanya kosa na umeulizwa swali moja tu, jibu ukweli hapo hapo, ungali umelowa maji. Siku mbili ukipewa, usizimalize. Uongo wangu ulichukua pumzi moja kuusema. Ukweli nimeusema kambini, nimeusema mlangoni kwa mamake, nimeusema steji, sasa nauandika, na bado kuna watu wananiambia nina roho safi.

Sina! Na yule kijana mnayemwita jina hilo pale Lanet anaitwa Baraka.