Nyuma ya Jalada la Bwana Ackroyd

Nimekuwa karani wa mawakili hapa Temple, mtaa wa mawakili wa London, miaka thelathini na moja, na sijaona mtu wa kujisikia kama Crispin Ackroyd. Kazi yake ilikuwa kuwashtaki mawakili waliozembea kazi za wateja wao. Akimpata mmoja kizimbani, alimuuliza swali lilelile, wigi limemkaa upande: "Unasema ulimshauri mteja. Uliandika wapi?" Mtu akianza kujikanyaga, Ackroyd alinigeukia nimsifu kwa macho. Nilikuwa natazama saa.

Kisha ikamfikia kesi ya Doreen Tapscott, mshona mapazia wa Kent. Wakili aliyeshughulikia ununuzi wa nyumba yake hakuangalia kwamba kinjia cha kufikia mlangoni ni mali ya jirani. Jirani akaweka geti na kulitia kufuli. Mama wa watu, miaka sitini na nane, akawa anaingia kwake kwa kuruka ukuta.

Siku ya kesi, saa sita na nusu, upande wa pili ukajitolea kulipa fidia ili kesi iishe, pale pale kwenye korido ya mahakama.

"Itatosha kuinunua ile njia?" Doreen akauliza.

"Kubali, mama," Ackroyd akamwambia. "Tusipoteze muda."

Akakubali. Haikutosha, na ukuta akaendelea kuuruka. Ndipo akamshtaki Ackroyd mwenyewe.

Safari hii kizimbani akapanda yeye. Wakili wa Doreen alikuwa Imogen Sattar, aliyefundishwa kazi na huyo huyo Ackroyd.

"Nilimwonya kwamba haitoshi," Ackroyd akasema kwa madaha.

"Uliandika wapi?"

Akatabasamu, mpumbavu yule. "Nyuma ya jalada. Mimi huandika kila kitu."

Hata kulifungua tena kabla ya kuja hakujisumbua, yeye aliyewacheka wenzake miaka yote. Jalada likaletwa, utepe wake wa waridi ukafunguliwa, na jaji akamwambia asome kwa sauti. Ackroyd akasoma kimya kwanza. Masikio yakamwiva.

"Tunakusubiri, Bwana Ackroyd," jaji akasema.

"'Karani: meza ya watu wawili, saa saba kamili. Bata. Wasinicheleweshe.'"

Hapakuwa na neno jingine lililoandikwa. Meza ile niliiagiza mimi, siku ileile ya fidia, na sikumwonea huruma hata chembe.

Doreen alikuwa benchi la nyuma, goti lake limefungwa bandeji. Hakucheka.

"Kumbe ulikuwa na njaa," akamwambia. "Si ungesema tu, baba, ningekungoja ule kwanza."