Buti ya ekseli ilipasuka, nikaacha kupinda kulia hadi harusi ya dadangu

Wakuu, hamjambo. Haya yamenipata mwenyewe, sijaongeza chumvi. Chumvi ya Likoni inatosha.

Swali lililoninyima usingizi ni hili: nifungue ekseli ya pikapu kabla ya harusi, ama baada?

Nieleze kidogo. Nimemaliza chuo, kazi bado, naendesha pikapu ndogo ya mama. Nikipinda kulia, gurudumu la mbele linalia tak tak tak. Nikachungulia chini. Ile raba inayofunika joint, kiungo cha ekseli, mafundi huiita buti, imepasuka, grisi imerukia rimu yote.

Na Jumamosi pikapu hiyo ndiyo ivushe kitanda na kabati la dadangu Dama, kutoka kwetu Likoni hadi kwa mumewe Changamwe. Mashangazi nyuma wakiimba, wakwe wamesimama nje wakingoja.

Nikifungua nikute joint imekufa, hakuna usafiri. Nisipofungua, huenda ikafika. Huenda pia ikavunjika kwenye mteremko wa feri, kabati la bi harusi likiwa juu na Likoni nzima nyuma yetu ikipiga honi.

Nikasoma nyuzi zote za humu jukwaani. Nusu walisema badilisha buti tu, nusu walisema badilisha ekseli nzima. Mmoja alisema uza gari.

Basi nikachagua njia ya msomi: nikaacha kupinda kulia.

Msicheke. Ukitaka kwenda kulia, pinda kushoto mara tatu. Sokoni nilikuwa nafika. Mama tu ndiye aliyeuliza mbona siku hizi mkate unachelewa.

Alhamisi nikavusha magodoro kwanza, shangazi Mbeyu amekaa juu yake. Tunaingia feri, mwelekezaji wa magari akapuliza firimbi, akaonyesha kulia. Nikaenda kushoto.

"We wa pikapu! Kulia!"

Nikasimama nifikirie.

"Kwani huyu wamemsomesha nini huko?" shangazi akawauliza abiria wa feri. "Mkono anaolia wali haujui?"

Nikakata usukani wote kulia. TAK TAK TAK. Hata wauza korosho waligeuka.

"Mwanangu," shangazi akasema, "gari lako linatafuna mifupa."

Tulipowasilisha magodoro na kurudi, nikaenda moja kwa moja kwa jirani yetu, fundi Salimu. Akainama, akatazama.

"Hii tuizungushie tyubu ya baiskeli na waya. Changamwe itafika, inshallah."

"Na kurudi?"

"Kwani bi harusi anarudi?"

Hapo kwa kawaida ningeenda kufikiria siku mbili. Lakini nilishaisikia ile sauti mbele ya watu. Nikamwambia fungua.

"Na ikiwa imekufa?"

"Basi nijue leo, nimwambie Dama leo atafute gari jingine. Afadhali alie nyumbani kuliko kwenye feri."

Ekseli ikatoka. Grisi ilishachanganyika na mchanga, ukiishika ni kama msasa. Tukaosha joint kwa petroli, gololi zikatoka moja moja. Zina mikwaruzo, ila hazijapasuka. Grisi mpya, buti mpya. Salimu akarudishia kila kitu, akakaza nati, kisha akaona klipu ndogo inayobana buti bado iko juu ya kigoda.

Akafungua upya. Klipu nikamshikia mimi.

Nilichojifunza: buti ikipasuka, usiibembeleze. Raba yenyewe si kitu, mchanga unaopita hapo ndio unaokula chuma. Tak moja moja bado ipo, najua zamu ya ekseli itafika. Wenye pikapu kama hii, yenu ilidumu vipi baada ya kubadilisha buti? Hata yule wa "uza gari" karibu, ila aje kwa heshima.

Jumamosi mwelekezaji alikuwa yule yule. Aliponiona alitoa firimbi mdomoni, akangoja. Mashangazi nyuma wakaacha kuimba. Dama, pembeni yangu, akashika mlango.

Nikakata kulia.