Nilimwita Mlevi Mtu Asiyewahi Kuonja Pombe

Nilimwita mlevi, mbele ya watu, mtu ambaye hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Na nilipojua kwamba nimekosea, nilinyamaza. Hilo la pili ndilo baya zaidi, na nalisema mapema ili usije ukanihurumia kabla hujanisikia.

Mimi ni binti wa Kimara, mtoto wa mwalimu, familia yetu ilitoka bara kabla sijazaliwa. Chuoni nilisomea usalama kazini. Nikiwa mwaka wa mwisho, rafiki niliyeishi naye chumba kimoja aligongwa na lori, na dereva wa lori lile alikuwa amelewa. Tulimzika kwao. Pale makaburini niliapa kwamba nikipata kazi, hakuna mlevi atakayeshika usukani mbele ya macho yangu.

Kazi nikaipata, katika kampuni moja ya malori yenye yadi yake Chang'ombe. Nikapewa jukumu la kuanzisha upimaji wa pombe na dawa za kulevya kwa madereva. Nilifurahi mno! Niliona kama Mungu amenijibu.

Utaratibu niliuandika kwa mkono wangu mwenyewe. Kabla dereva hajakabidhiwa ufunguo, anapuliza kwenye kipima ulevi. Kifaa kikionyesha kilevi, hahukumiwi hapohapo. Anasukutua kwa maji, anakaa pembeni robo saa bila kutia chochote mdomoni, kisha anapuliza tena. Kipimo cha pili ndicho kinachohesabika. Sababu yake ni nyepesi: mtu anaweza kuwa na kilevi mdomoni tu, kutokana na dawa, na hicho hutoweka upesi. Kilichoingia kwenye damu hakitoweki upesi namna hiyo.

Nilijua haya yote. Niliyafundisha. Naomba ulielewe hilo.

Wiki ya kwanza ya upimaji, madereva walikuja kwa utani na manung'uniko. "Madam, leo unatupulizisha maputo!" Nilicheka nao kidogo, lakini moyoni nilikuwa macho. Nilikuwa nimewaonya wenzangu ofisini kwamba watakaokutwa na kilevi watakuja na visingizio vya dawa za mafua, dawa za meno na kadhalika. Nilijiandaa kutosikiliza.

Ndipo akaja mzee mmoja, nitamwita Mzee Shomari, ingawa si jina lake. Alikuwa mwenyeji wa Kimbiji, mtu wa pwani, wa umri wa baba yangu, dereva mkongwe kuliko wote pale. Siku asizosafiri alifundisha watoto Kurani kijijini kwake. Vijana walimwita Ustadhi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Haya, tupime twende, meli imeshashusha." Alikuwa ameshika shavu kwa kiganja.

Akapuliza. Kifaa kikalia.

Mzee alikitazama kile kifaa, kisha akanitazama mimi, kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwingine. "Mwanangu, hiyo itakuwa dawa. Jino limenikesha, nimesukutua dawa ya duka la dawa hapo getini sasa hivi tu."

Nyuma yake palikuwa na msururu wa malori yanayosubiri kutoka kwenda bandarini. Meneja wa safari alikuwa akipiga honi kwa hasira. Na katika kundi la madereva sauti moja ikapaa, ya kijana tuliyemwita Chogo:

"Aah, Ustadhi! Kumbe nawe unapigaga vitu!"

Yadi nzima ikaangua kicheko.

Sitaki kujitetea. Lakini nitakuambia kilichopita kichwani mwangu wakati ule: niliona ni bora iwe huyu. Kama hata Ustadhi amekamatwa, hakuna atakayedhani upimaji huu una upendeleo. Wazo hilo lilinijia haraka, na lilinipendeza!

"Nisukutue maji basi, unipime tena," akasema mzee.

"Kifaa hakidanganyi, mzee. Umelewa. Huendeshi leo."

Nilisema kwa sauti, makusudi, ili wote wasikie. Hakubisha. Alinikabidhi kofia ya kazi kwa mikono miwili, kama anavyomkabidhi mtu mzima mwenzake kitu cha thamani, akaenda zake kwa miguu mpaka getini. Kicheko kilimsindikiza.

Kesho yake alikuja ofisini kwangu na chupa ya dawa ndani ya mfuko wa nailoni. Hakufoka. "Nakuachia uitazame, mwanangu. Wewe umesoma."

Alipotoka niliisoma ile chupa. Dawa ilikuwa na kilevi ndani yake.

Nikafunga mlango. Nikasukutua dawa ile kama alivyosukutua yeye, nikatema, nikapuliza. Kifaa kikalia! Mimi, binti wa kwaya, ambaye hata divai ya harusi huwa naikwepa, kifaa kilinihesabu mlevi. Nikasukutua kwa maji, nikakaa, nikasubiri muda ule ambao mzee sikumpa. Nikapuliza tena. Safi kabisa, kama mtoto mchanga.

Nilipaswa kutoka mbio. Nilipaswa kwenda kwa meneja na viatu mkononi ikibidi. Badala yake niliketi, nikafikiri. Madereva walikuwa bado wanapinga upimaji. Kama kesi ya kwanza kabisa ingeanguka, nani angeniamini kwenye ya pili? Kila mlevi angekuja na chupa ya dawa ya meno. Nilimkumbuka rafiki yangu aliyegongwa. Nikajiambia kwamba ninamtoa mtu mmoja ili kuokoa wengi. Loo! Maneno mazuri kiasi gani ya kufunikia woga!

Kwenye kikao cha nidhamu niliulizwa swali moja tu: "Ulifuata utaratibu?"

Mzee Shomari alikuwa ameketi upande wa pili wa meza, kanzu yake imepigwa pasi. Alinitazama kwa matumaini. Naapa kwamba yalikuwa matumaini! Alidhani nimekuja kumtetea.

Nikajibu, "Ndiyo, niliufuata."

Akafukuzwa kazi.

Habari za dereva aliyefukuzwa kwa ulevi husafiri kwenye yadi zote za mjini. Hakuna kampuni iliyompokea. Lakini ajira haikuwa jeraha kubwa. Nilikuja kujua baadaye kwamba habari ilimtangulia hadi Kimbiji. Wazazi wakaanza kuwaondoa watoto kwenye darasa lake, mmoja mmoja, kwa adabu, kila mmoja na sababu yake: huyu anaenda tuisheni, yule anaumwa. Hakuna aliyemwambia lolote usoni. Msikitini, mtu aliyezoea safu ya mbele akawa anaswali karibu na mlango, anatoka kabla ya salamu za watu.

Mimi huku nilisifiwa. Meneja alinipongeza mbele ya wakuu. Na kila niliposifiwa nilitabasamu.

Miezi ikapita. Siku moja ya Jumapili nilishindwa kushiriki meza ya Bwana. Nilibaki nimekaa kwenye benchi, mama akinishangaa. Wiki hiyohiyo nikavuka kwenda Kigamboni, nikachukua bodaboda, tukarushwa kwenye mashimo ya ile barabara hadi Kimbiji.

Nilimkuta akipalilia mihogo nyuma ya nyumba. Mkewe, naye nitamwita Bi Mwajuma, alinipokea kwa ukarimu kwa sababu hakunijua. Alipoambiwa mimi ni nani, aliweka chini kikombe cha chai alichokuwa ananiletea, akaingia ndani. Hakutoka tena.

Nilimweleza mzee yote. Chupa, mlango niliofunga, jibu langu kikaoni. Nililia. Yeye hakulia. Alikuwa akiufuta mchanga kwenye jembe kwa kidole gumba, polepole.

"Kumbe ulijua," akasema mwishoni. "Mie nilidhani hukujua. Nilikuwa nikimwambia mke wangu, yule binti ni mdogo, hajui."

Hakuna tusi ambalo lingenichoma kama hilo.

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Kazi siitaki tena, nimechoka barabara. Nina ombi moja tu. Uliniita mlevi pale yadi, mbele ya watu. Nenda kaseme palepale, mbele ya walewale, kwamba sikulewa. Wale wana midomo, habari itafika huku yenyewe. Basi, mwanangu. Sina lingine."

"Nitasema, baba. Nipe muda kidogo tu."

Muda! Muda wa nini? Alichoniomba kilikuwa sentensi moja.

Lakini nilirudi Chang'ombe, nikaanza kutafuta siku nzuri. Kikao cha usalama cha mwezi ule, wakaguzi walikuwa wanakuja, nikaona si vizuri. Kilichofuata, meneja alikuwepo, nikaogopa. Kisha mkataba wangu ukawa mezani kwa wakubwa, nikajiambia nitasema ukishasainiwa. Ukasainiwa. Nikajiambia nitasema baada ya mfungo, watu watakuwa wametulia. Kila asubuhi niliwaona madereva wale, wamesimama palepale, wananisubiri na kifaa changu. Kila asubuhi niliwapima, nikawapa ufunguo, nikawaacha waende.

Kisha Bi Mwajuma akapiga simu. Sauti yake ilikuwa kavu. "Mzee hayupo. Presha. Tunazika leo baada ya adhuhuri. Nimekuambia kwa sababu angependa uambiwe."

Sisemi nilimuua. Daktari hakusema hivyo, na mimi sitatafuta ukubwa hata kwenye dhambi. Lakini alikufa akiitwa mlevi, na mtu pekee mwenye uwezo wa kulifuta neno hilo nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa natafuta siku nzuri.

Asubuhi iliyofuata nilisimama yadi. Sikungoja kikao, sikumwomba meneja ruhusa. Niliwaambia madereva kila kitu, kwa sauti ileile niliyomwitia mzee. Nilisema hakulewa. Nilisema nilijua hakulewa. Nilisema nilidanganya kikaoni. Meneja aliniita ofisini huku naendelea, nikamaliza kwanza.

Nilidhani watanizomea. Injini moja ilikuwa inaunguruma, dereva wake akaizima.

Chogo, yule aliyecheka wa kwanza, akasogea. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Sista, mzee alikuwa ananipigia kila Ijumaa. Ananiuliza, 'Yule binti ameshasema?' Namjibu bado, mzee wangu. Ananiambia, 'Atasema tu, usimbane, ana hofu yule.' Kila Ijumaa, sista! Juzi kanipigia, nikamwambia bado."

Akalitazama geti, kisha akanigeukia mimi.

"Sasa leo umesema. Haya. Mie hiyo habari nimpelekee nani?"



Kazi nimeiacha kabla ya kuachishwa. Nilikwenda tena Kimbiji, nikasema maneno yaleyale kwa Bi Mwajuma na kwa majirani waliokuwepo. Walinisikiliza wakiwa wameinamisha vichwa. Mzazi mmoja, baba wa mtoto aliyedaiwa kuwa anaenda tuisheni, alijifunika uso kwa kofia yake. Bi Mwajuma akaniambia jambo moja tu: jina la mume wake lisitajwe popote, kwa kuwa limechezewa vya kutosha. Ndiyo maana nimelificha, na langu nimelificha pamoja nalo, kwa sababu anayenijua mimi atamjua yeye.

Kwenu mnaoshika vifaa vya kupima wenzenu, barabarani, bandarini, kwenye yadi: pimeni, tafadhali. Bado naamini walevi wasiendeshe. Bado namkumbuka rafiki yangu. Lakini mtu akikuambia "nipime tena", mpime tena! Ile robo saa si zawadi unayompa ukipenda. Ni haki yake, hata kama malori yote ya nchi hii yanakupigia honi.

Na wewe ambaye umeshamkosea mtu, unayejiambia utamsafisha kesho, mambo yakitulia: usitafute siku nzuri. Nyanyuka sasa hivi, hata kama hujamaliza kusoma, ukaseme huku bado yupo mtu wa kuuliza kama umesema.