Nafasi ya Mwenzake

Baada ya kumzika mke wangu nyumbani Butiama, nilirudi kwenye nyumba yetu ya Kigera nikakuta naweza kumaliza siku nzima sijaisikia sauti yangu. Redio iliongea, mimi nikanyamaza. Watoto wako mbali na wana kazi zao. Jumapili hupiga simu, wanauliza habari za presha, wanaaga. Kwa hiyo mkuu wa shule moja ya kata, huko kwenye vijiji vya kando ya ziwa, aliponiomba nikajitolee kufundisha hesabu, nilikubali kabla hajamaliza maelezo. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, na miaka yangu ya kazi niliimaliza kwenye ukarani wa kiwanda cha kuchambua pamba, Bunda. Mkuu alidhani mimi ndiye ninayemsaidia. Sikumsahihisha.

Shule nzima ilikuwa na mwalimu mmoja wa hesabu, mwanamke wa umri wa binti yangu wa mwisho, na madarasa yalikuwa yamemzidi. Alinikabidhi kidato cha tatu. Mwanzoni nilifundisha kama nilivyofundishwa mimi: nageukia ubao, naandika, nageuka, nauliza kama wameelewa. Wanaitikia "Ndiyo mwalimu" kwa pamoja kama kwaya. Nikikusanya madaftari nakuta hakuna aliyeelewa. Siku moja yule mwalimu alisimama mlangoni akanisikiliza, na kengele ilipogongwa akanivuta pembeni.

"Mzee wangu, mle ndani unafanya kazi peke yako," alisema. "Wakalishe wawili wawili. Kalamu moja, karatasi moja. Mmoja aongee, mwenzake aandike, na anayeandika asiandike kitu ambacho hajaambiwa. Swali linalofuata wanabadilishana."

"Watapiga kelele."

"Waache wapige. Mradi kelele iwe ya hesabu."

Nilijaribu kwa shingo upande. Kabla ya wiki kuisha, darasa lilikuwa limegeuka kuwa jingine. Watoto waliokuwa hawafungui mdomo walianza kubishana, kidogo kwa Kiswahili, kidogo kwa lugha za kwao.

"Andika toa tatu."

"Hiyo tatu umeitoa wapi, sokoni Nyasho?"

"We andika, kalamu haina mdomo."

"Nikiandika huu ujinga tutachekwa wote wawili. Unapendaga sana kukimbilia jibu wewe!"

Nilipita katikati ya madawati nikisikia furaha ambayo sikuijua tangu msiba. Aliyeshika kalamu alilazimika kusikiliza, na aliyekuwa akiongea alilazimika kujua anachosema. Hata wale wazito walianza kuuliza, kwa sababu ni rahisi kumuuliza mwenzako kuliko kumuuliza mzee mwenye chaki.

Tatizo lilikuwa kwamba idadi yao haikugawanyika kwa mbili. Kila nilipowapanga alibaki kijana mmoja mrefu wa dawati la nyuma. Baba yake alikuwa mvuvi wa dagaa. Nyakati za giza, mwezi usipoonekana, kijana alikesha ziwani akiangalia taa za kuvutia dagaa, na asubuhi yake ama haji shule au anakuja kusinzia.

"Kupangwa na huyo ni sawa na kupangwa na ukuta," msichana mmoja alisema, na darasa likacheka. Yeye mwenyewe akacheka. Nikavuta kiti nikamwambia kwamba mwenzake nitakuwa mimi.

Alitaka kwenda chuo kusomea ufundi wa injini, na alikuwa amesikia kwamba huko hesabu ndiyo wanayoitazama kwanza. Baba yake naye alikuwa ameshaweka mpaka. Nilikutana naye siku moja nikishuka kwenye bodaboda, akanisalimia kwa heshima kisha akasema, "Mwalimu, mimi sina ugomvi na shule. Ila mtihani wa mwisho wa muhula akianguka tena hesabu, namrudisha kwenye mtumbwi. Bora ajue moja."

Basi tukaanza. Nilishika kalamu, nikamwambia aongee.

"Babu, hapo si tunahamisha?"

"Tunahamisha nini?"

Akaitazama karatasi. Alikuwa na subira ya watu wa ziwani. Angeweza kuitazama karatasi ile mpaka kengele ya kwenda nyumbani, na leo naamini kwamba ningemwacha angefika kwenye jibu. Sikumwacha. "Tunahamisha saba," nilisema, na kalamu ikawa imeshaandika.

"Eeh, saba," akasema. "Halafu, Babu?"

Lile "halafu, Babu" ndilo lililoniponza. Nyumbani kwangu hakukuwa na mtu wa kutaka kujua kinachofuata. Nikawa nasema na kuandika mwenyewe, yeye akitikisa kichwa, na ilipokuwa zamu yake kushika kalamu nilimtajia hatua moja moja naye akazinakili kwa mwandiko mzuri. Tulikuwa tunamaliza kabla ya wengine. Muda uliobaki alinidadisi habari za kiwandani, jinsi vumbi la pamba lilivyoingia puani, na habari za mke wangu.

"Bibi alikuwa anapikaga samaki gani?"

"Wote, isipokuwa kamongo. Nikileta kamongo ananiambia nikaoe mke mwingine wa kunipikia."

Alicheka mpaka wa mbele wakageuka. Jioni nikiwa Kigera peke yangu, nikila ugali wa mchana, nilikuwa najikuta nikitafuta kisa cha kumsimulia kesho yake. Hesabu nilikuwa sizifikirii kabisa.

Baba yake aliponiuliza kijana anaendeleaje, nilimjibu, "Sasa hivi ndiye wa kwanza kumaliza darasani." Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Hakuna neno la uongo katika jibu lile, na ndiyo maana linanisumbua.

Katikati ya muhula akaja msichana aliyehamia kutoka Bunda, mwepesi wa ulimi, asiyemwogopa mtu. Mwalimu wa hesabu alimleta mwenyewe hadi mlangoni.

"Shida yako imekwisha, mzee wangu," aliniambia. "Sasa wamekuwa shufwa. Huyu akae na yule kijana wako."

Nilipaswa kushukuru na kuinuka. Badala yake nilisema kwamba kijana bado ni mzito, tusimvuruge, na msichana akae na wale wawili wa karibu na dirisha.

"Wakiwa watatu, mmoja atabaki kutazama ziwa."

"Kwa muda tu," nilisema.

Alinitazama kidogo. Angeweza kubishana nami, lakini mimi ni mtu wa umri wa baba yake, na hapa kwetu umri hufunga midomo mingi. Akaondoka. Nikarudi kwenye dawati la nyuma, na kijana akanisogezea nafasi. Nikajiambia kwamba ananihitaji.

Mtihani ulifika. Nilisahihisha kwenye ofisi ya walimu, na nilikuwa nimeichagua karatasi yake iwe ya mwisho, kama mtu anayejiwekea kipande cha nyama pembeni ya sahani. Alikuwa amenakili kila swali kwa mwandiko wake ule mzuri. Chini ya kila swali alikuwa ameandika alama ya "ni sawa na", halafu akaacha nafasi. Hakukata wala kufuta kitu popote. Swali baada ya swali, nafasi nyeupe iliyoachwa vizuri, ya kutosha jibu. Alikuwa ananingoja.

Mwalimu wa hesabu aliichukua mkononi mwangu akaitazama kwa muda mrefu. Nilimwambia yote, pamoja na sababu ya kumkataa msichana wa Bunda. Sikuona aibu kulia mbele yake. Naye hakuniambia kwamba si kosa langu, na kwa hilo nilimheshimu.

Muhula mpya ulipofunguliwa dawati la nyuma lilikuwa tupu. Nilikwenda mwaloni, ufukweni wanakoshusha samaki, asubuhi, wakati dagaa wanaanikwa. Kijana aliponiona aliacha alichokuwa anafanya.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba." Nikamgeukia baba yake. "Mzazi mwenzangu, kijana hakuanguka. Nilimwangusha mimi. Nilikuwa namfanyia kila kitu. Mpe mpaka mwisho wa mwaka."

"Uliniambia ni wa kwanza kumaliza."

"Niliyekuwa namaliza ni mimi."

Aliinama akaokota takataka kwenye dagaa. "Na sasa atafundishwa na nani? Wewe tena?"

"Atakaa na mwanafunzi mwenzake. Mimi sitakaa naye tena."

Kijana alinitazama haraka, kisha akainama. Nadhani alisikia jambo jingine kabisa, kwamba nimemchoka. Sikupata namna ya kumweleza mbele ya watu. Baba yake alisema, "Mpaka mwisho wa mwaka. Na wakati wa giza namhitaji Ijumaa na Jumamosi, hizo sikupi."

Alirudi Jumatatu. Nilimkalisha na msichana wa Bunda, nikaenda kusimama mbele. Siku za mwanzo alikuwa akikwama anageuza shingo kunitafuta, nami najifanya nafuta ubao. Niliufuta ubao uliokuwa hauna kitu. Msichana hakuwa na huruma.

"Huko unatazama nini? Kalamu ninayo mimi. Ongea!"

"Nafikiria."

"Fikiria kwa mdomo. Mimi siandiki mawazo ya kimyakimya."

"Basi andika gawa kwa mbili."

"Pande zote?"

"Eeh, pande zote. Unadhani upande mmoja utanuna?"

Wa madawati ya nyuma wakacheka, na yeye pia, kicheko kile kile cha habari za kamongo. Tangu hapo hakugeuka tena. Tukikutana njiani hunisalimia vizuri na kupita. Visa vya kiwandani hajaniuliza tena, na mimi sina haki ya kumsimulia asivyoniuliza.

Katika jaribio lililopita hakupata alama za kujivunia, ila zilimtosha kuvuka. Nafasi zile nyeupe alizijaza, nyingine kwa makosa makubwa, yaliyokatwa na kuandikwa upya. Nimewaambia wanafunzi kwamba anayekwama anyooshe mkono, nitakuja. Nimesimama karibu na ubao, chaki mkononi, kelele yao imejaa chumba, na hakuna mkono ulionyooshwa.