Usimpendekeze Aliyeenda Matanga

Nakumbuka Jumapili moja hapa Kitale, tumetoka kanisani, tumekaa kwenye nyasi za Mwalimu Barasa kuchagua kamati ya wenye nyumba. Mwanangu, mimi sina mvi. Nina watoto wawili na mdogo bado ananyonya. Lakini jambo hili limenizeesha, na wewe ukijenga nyumba yako utaketi kikao kama hicho, kwa hivyo nisikilize.

Mtaa wetu una nyumba kumi na mbili nyuma ya geti moja, na maji tunabeba kwa mitungi. Ofisi ya maji ilikubali kutuvutia bomba, mradi tupeleke majina ya watu watatu: mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mwalimu Barasa alikuwa amesimamia mtaa peke yake miaka mingi. Macho yake yalikuwa yamechoka. Akasema imetosha, wengine washike.

Ungeona vile watu wazima waliinamia simu. Huyu alisema anashinda Bungoma kazini, yule ati mahindi yake yanamngoja. Ukilalamika kuhusu geti unaambiwa, si basi wewe uwe mwenyekiti, na unanyamaza hapo hapo. Nikaona macho ya Mwalimu yanakuja upande wangu. Nimemaliza kidato cha nne, kuandika najua, kisingizio sikuwa nacho. Nikasema haraka, "Napendekeza Mama Njeri awe mwenyekiti."

Mama Njeri hakuwepo. Alikuwa Ndalu, kwa matanga ya dada yake.

Watu watatu waliniunga mkono kwa pamoja, "nasekondi". Mmoja akaongeza kwamba Mama Njeri hana bwana wa kupikia, nafasi anayo. Tukacheka. Mimi pia nilicheka, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Mwalimu hakucheka. Aliandika jina, akafunga kitabu, akanitazama mbele ya wote.

"Mama Sifa, mwenzako yuko kwa kaburi la dada yake na wewe unamtumia kazi huko. Siku nyingine taja jina lako kwanza."

Nilimwona mzee wa maneno mengi tu. Tukafunga kwa maombi.

Alhamisi Mama Njeri akarudi, udongo wa Ndalu bado kwa viatu. Alitukuta wanawake wanne getini na mitungi. Hakupiga kelele. Alisema, "Kwa matanga hamkuja hata mmoja. Lakini kunichagua mlipata nafasi ya kuketi wote." Akapita.

Na kazi aliifanya, nakwambia. Alizunguka mlango kwa mlango akitafuta wawili wa kukaa naye. Watu walimchungulia kwa pazia. Siku moja hata mimi nilimtuma Sifa amwambie mama ameenda sokoni Chwele, na redio yangu inaimba ndani. Alimwambia mtoto, sawa, msalimie, akaondoka pole pole. Nikamtazama dirishani. Mgongo ule ulikuwa wa mtu asiye na mwenzake, na mimi ndiye nilimweka hivyo.

Kesho yake nilienda kwake, nikamwambia ni mimi niliyemtaja.

"Najua," akasema. "Niliambiwa hata sijafika stage ya matatu. Sasa kaa chini, shika kalamu."

Ndivyo nilivyokuwa katibu. Tulifanya vikao viwili, yeye na mimi na viti vitupu. Halafu watoto wa marehemu dada yake wakahitaji mtu, akahamia Ndalu kabisa. Nikabaki. Mwanangu, hujui upweke mpaka uite mkutano wa majirani, usikie wanakaanga chapati, na hakuna mlango unafunguka. Nikiandika kwa grupu ya simu "tafadhali jitokezeni", napata vidole gumba kumi. Kidole gumba cha simu hakiwezi kuweka sahihi ofisini. Nina hasira, sifichi. Mitungi tunabeba wote, aibu nabeba peke yangu.

Juzi niliachana na grupu. Nilienda kwa Mama Chebet, yule aliyehamia kutoka Kapsokwony. Sikumwambia asaidie jamii. Nilimwambia nimeona vile anaongea na watu bila kuogopa, awe mwenyekiti miezi sita, Jumamosi asubuhi pekee, kisha nitamwachilia bila maneno. Akaweka mtoto begani.

"Mimi hakuna mtu ameniuliza," akasema. "Huwa naona mnauliza simu."

Sasa tuko wawili. Jina la tatu bado, na bila la tatu hakuna bomba.

Basi shika hili. Usimpe kazi mtu ambaye hayupo kuikataa. Ukitaka msaidizi, vaa viatu uende kwake, umwambie kwa nini ni yeye, na siku ya kumaliza umtajie. Na kabla ya kutaja jina la mtu yeyote, taja lako. Jirani akifiwa, nenda ukae naye kwanza. Mambo ya kamati yatangoja.

Mungu akupe majirani wanaokuja kwa matanga yako. Siku watu wote watainamia simu, akupe moyo wa kuinua mkono, na karibu yako amweke hata mmoja wa kuuinua pamoja nawe.