Supu Niliyoapa Haina Nyama

Mimi ni mhudumu katika mkahawa mdogo wa Kivietnamu, mtaani Karama. Mteja wetu mmoja Mhindi hali nyama kabisa. Nilimwapia kwamba supu yake ya tambi haina nyama, kwa sababu vipande naviopoa mwenyewe na kuweka tofu ya soya. Kwetu Kitale, ukishaopoa vipande, nyama imekwisha.

Ijumaa iliyopita alimleta mama yake, ambaye hajaonja nyama tangu azaliwe. Mama akamaliza bakuli zima.

"Mwanangu, siri ya utamu huu ni nini?" akaniuliza.

Mjuaji mimi, nikamwita mpishi aje apokee sifa.

"Mifupa ya ng'ombe, madam," akasema akitabasamu. "Inachemka tangu jana."

Mama akaziba mdomo kwa ushungi wake.

"Ndugu, si uliniapia?" mwanawe akaniuliza.

"Lakini vipande nilitoa," nikajibu.